Njia ya Kurudi kutoka Mtoni

"Amewasha gari. Over."

Kibiwott aliisikia sauti ya mwenzake kwenye redio ya Motorola aliyoifunika kwa gazeti. Akatupa njiti ya kiberiti dirishani, akaitia Peugeot 504 gia.

Mbele yake pikapu ya Datsun ilitoka nje ya duka la Cherangany Electronics, katikati ya mji wa Kitale, ikashika barabara ya Kiminini. Dereva alikuwa Walubengo, fundi wa gemu za televisheni kutoka Bungoma. Kando yake alikaa Nanyama.

Nanyama alikuwa mpelelezi wa Idara. Kibiwott mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha. Mwaka uliopita alikuwa amekaribia kutuma wazee kwao wakamposee rasmi, akaahirisha kwa sababu ya kazi, akaahirisha tena kwa sababu hiyo hiyo, mpaka kazi yenyewe ikampeleka Nanyama kwa mwanamume mwingine.

Kwenye pikapu, Nanyama akacheka.

Alirusha kichwa nyuma na kumpiga Walubengo bega kwa kiganja. Miaka mitatu Kibiwott alikuwa amefanya kazi na mwanamke huyo, na hakuwahi kuchekewa hivyo.

"Mwewe, unamwona? Over."

"Namwona," Kibiwott alisema.

Hakufafanua alichokuwa anakiona.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Bunduki zilikuwa zinavuka mpaka nyuma ya Mlima Elgon, zikiwaendea watu waliotaka majirani wakatane shingo, na mwenye kuziuza alikuwa hajulikani. Kila wiki njia ilibadilika. Askari wakiziba huku, mzigo ulipita kule. Lakini madereva wawili waliponaswa kwa nyakati tofauti, kila mmoja alikutwa na kitu kimoja ndani ya gari: kaseti ya gemu. Dereva wa lori, mtu wa makamo mwenye ndevu, na kaseti ya gemu ya watoto.

Ilikuwa gemu ya zamani iliyotoka ng'ambo miaka kumi nyuma, ya mchimba migodi mfupi anayeruka mashimo na kupanda ngazi. Vijana wa Kitale walimbatiza Mzee Rukaruka. Sasa Walubengo alikuwa ameiunda upya pale Bungoma. Rukaruka wake aliingia mapango ya Elgon, aliogelea, alibeba mwavuli uliomshusha polepole akianguka. Katikati ya hatua kulikuwa na vigemu vidogo: kukimbiza kuku, kuendesha baiskeli yenye mitungi ya maziwa, na kimoja cha kijana anayekwenda mtoni alfajiri ya kutahiriwa. Kila banda la gemu kuanzia Endebess hadi Myanga liliitaka.

Basi Idara ikampandikiza Nanyama kwenye karakana ya Walubengo. Anajua kuchora, wakubwa walisema. Hakuna aliyemuuliza Kibiwott anaonaje, na hata angeulizwa asingesema, maana mwanamume wa cheo chake huficha wivu mpaka unamtoka puani.

Mchana huo Kibiwott na Nanyama walikutana Bungoma, chumba cha nyuma cha hoteli moja karibu na stesheni ya reli. Nanyama alikuwa ameshaunganisha mashine ya gemu kwenye televisheni ndogo ya Great Wall, na kando yake ameweka kaseti mbili.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa nawafuata. Mlisimama Kamukuywa kula mahindi."

"Sasa hiyo ni ripoti ama ni malalamiko?"

Kibiwott alivuta kiti. "Nionyeshe kazi."

Nanyama alitia kaseti ya kwanza. Kijana mdogo alitokea kwenye kioo, kengele mikononi. Akatoka nyumbani, akapita kanisa lenye mnara wa mabati, akateremka hadi mtoni, akapakwa tope. Kisha akarudi nyumbani akipita kwenye mashamba ya miwa upande wa pili.

"Hii ndio tuliunda na Walubengo. Tunapeleka Kitale kwa ile Cherangany Electronics, duka ya Harmsen, mzungu mwenye anatengeneza jibini Endebess. Yeye ndiye ananunua zote na kusambaza." Akachomoa, akatia ya pili. "Na hii nimenunua jana Kimilili, kwa banda. Angalia."

Kijana yule yule, kengele zile zile. Lakini kanisa lilikuwa limeondolewa. Sasa kulikuwa na mikaratusi, mti wenye panda, na daraja la mbao. Kijana akavuka daraja, akapakwa tope, akageuka, akarudi kwa daraja lile lile.

"Hilo daraja liko juu ya Kimilili, ukielekea msituni," Nanyama alisema. "Nimeenda nikaliona na macho yangu, na mti wenye panda uko hapo. Na ukihesabu kuku wenye wako uwanjani ni wanne, siku ya nne ukianza kuhesabu Jumatatu. Kesho ni Alhamisi. Lori itavuka tupu asubuhi, ipakie msituni, irudi hapo hapo."

Kibiwott alitazama kioo muda mrefu. Alikuwa mpelelezi mzuri, hilo hatumnyimi, na aliona mara moja kwamba mambo yamekaa sawa. Ila akili yake ilikwenda kule roho yake ilikokuwa inaumia.

"Kwa hivyo Walubengo ndiye anawachorea ramani."

"Si Walubengo."

"Gemu ni yake. Mkono ni wake."

"Sikiza basi. Walubengo ni Mbukusu kama mimi. Kijana akienda mtoni na njia moja, lazima arudi na njia ingine. Lazima. Ukimrudisha na ile ya kwanza umemwitia mkosi, pengine asiwahi kupona vizuri. Hakuna Mbukusu anaweza kuchora hii kitu. Imechorwa na mtu mgeni mwenye hajui, mwenye alikuwa anafikiria barabara ya lori tu."

"Mtu akilipwa vizuri huchora hata shetani."

"Si yeye."

"Umemjua vizuri sana."

"Si ndio mlinituma?"

Kibiwott aliwasha sigara ambayo hakuitaka. Aliuliza swali ambalo halikuwa la Idara.

"Unampenda?"

Nanyama alizima televisheni. Hakukataa. Alikusanya kaseti zake, akasimama mlangoni na kusema kwamba kesho asubuhi atakuwa darajani, na kama Kibiwott ni afisa aliyemjua zamani, atamkuta huko.

Nanyama angesema hapana, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mwanamke aliyezoea kudanganya kwa mshahara wa serikali hakudanganya siku hiyo, na ukweli wake ulimchoma Kibiwott hadi kwenye mifupa. Aliingia garini, akafunga vioo, akaita Nairobi.

"Mwewe kwa Chumvi. Nimempata mchoraji. Ni Walubengo. Over."

Chumvi alikuwa mkubwa wao. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ushahidi? Over."

"Kaseti. Nitamnasa kesho kwake na mzigo. Over."

"Kibali cha kumzuia kitakuwa mezani kwangu. Ukipata mzigo ama usipate, neno lako linatosha kumweka ndani, na hakutakuwa na korti. Umenielewa? Over."

"Nimekuelewa."

Alielewa vizuri mno. Siku zile mtu aliyewekwa ndani bila korti aliweza kutoka akiwa na mvi, kama alitoka.

Asubuhi, Inspekta Wabwile na askari wake walijibanza kwenye Land Rover nyuma ya kinu cha posho, mita chache kutoka karakana ya Walubengo. Kibiwott alivaa koti la mfanyabiashara, akaiweka bastola yake ya Ceska kiunoni, akabisha hodi.

"Karibu, karibu ndani bana," Walubengo alisema. Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na mezani kwake kulikuwa na kompyuta ya Amiga, chuma cha kulehemu na kikombe cha chai iliyopoa. "Wewe ni wa banda gani?"

"Banda langu liko Eldoret. Nasikia una Rukaruka mpya."

Hilo lilitosha. Ukitaka kumfanya mama asahau chakula motoni, msifu mtoto wake. Walubengo alimkalisha Kibiwott mbele ya kioo, akamtia usukani wa gemu mkononi, akaanza kumwonyesha. Huyu Rukaruka wa zamani alikuwa akianguka anakufa, si ndiyo? Wa sasa ana mwavuli. Wa zamani alikuwa peke yake. Wa sasa anaweza kumwita mwenzake wavuke pamoja. Na mapango yote haya yamechorwa na mkono mmoja.

"Nani amechora?"

"Kuna msichana hapa anaitwa Nanyama. Ona huyo popo vile anageuza shingo." Walubengo alitabasamu kwa kioo. "Huyo nilimwambia ni popo tu, wacha shingo. Akakataa. Akakaa siku mbili na shingo ya popo."

Kibiwott aliruka shimo la kwanza. Akaruka la pili. Popo wa Nanyama akageuza shingo, na Kibiwott, ambaye hakujua kwamba mwanamke yule anaweza kukaa siku mbili na kitu chochote kile kwa raha tu, aliona wivu wa namna nyingine, mbaya kuliko ule wa jana. Na gemu ilikuwa nzuri. Hilo lilimuudhi zaidi.

Kikaja kigemu cha mtoni. Kijana akaenda kwa njia moja, akarudi kwa nyingine.

Kibiwott alijua la kusema. Alikuwa amekuja nalo kama mtego.

"Mimi nitachukua kaseti mia mbili. Lakini huyu kijana anazunguka sana. Mrudishe tu na njia ile ile. Nitaongeza bei."

Tabasamu la Walubengo lilikwisha.

"Hapana."

"Ni gemu tu."

"Nimesema hapana, mzee wangu. Mimi nilienda mtoni Kuywa nikiwa na miaka kumi na tano. Baba yangu alinitembeza akaniambia, ukirudi na njia ulienda nayo, umerudi vile ulienda, ni kama hukuenda. Siwezi weka kijana kwa kioo afanye hiyo kitu mbele ya watoto." Alivua miwani, akaipangusa. "Hata Harmsen wa Kitale alitaka hivyo hivyo. Ati kaseti inajaa, ati daraja moja inatosha. Alitaka kunipa pesa mara tatu. Nikamwambia afadhali usinunue. Sasa nyinyi watu wa maduka mna shida gani na njia ya kurudi?"

Kuku alipita mlangoni.

Kibiwott aliweka usukani chini. Alikuwa ametega mtego kwa mikono miwili, akiomba adui yake akanyage, na adui hakukanyaga. Mtu huyu hakuwa na hatia. Alikuwa na kipaji, alikuwa na msimamo, na alikuwa na Nanyama.

Nanyama.

Alikuwa darajani peke yake.

"Wabwile! Ingia gari!"

Walubengo alibaki mlangoni na miwani mkononi akitazama mfanyabiashara wa Eldoret akikimbia.

Peugeot iliondoka Bungoma kwa kishindo. Land Rover ya askari ilifuata nyuma, ikimezwa na vumbi. Kibiwott alipita Kimilili huku mkono mmoja ukiwa kwenye honi na mwingine kwenye usukani, akajitukana kwa lugha ya mama yake, maana kuna matusi ambayo Kiswahili hakiyatoshi.

"Kanga, Kanga, huyu ni Mwewe. Unanisikia? Over."

Kimya.

"Nanyama. Jibu."

Redio ilikwaruza. "Nakusikia. Lori imevuka asubuhi, tupu. Landrova ya Harmsen iko nyuma yake. Nawasikia wakirudi."

"Usiwasimamishe peke yako."

"Sitawasimamisha," Nanyama alisema. "Daraja litawasimamisha."

Alipofika, alielewa.

Kwenye ukingo wa huku, Nanyama alikuwa amelala nyuma ya gogo, bastola mkononi. Karibu yake alichutama mama mmoja wa makamo, Jerop, mwenye shamba lililopakana na mto, akiwa ameshika mtaimbo wa chuma. Kati yao na ukingo wa pili, daraja lilikuwa limebaki na mihimili na mbao moja moja. Katikati yote ya daraja hapakuwa na sakafu.

Walikuwa wameacha lori ipite ikienda, kisha wakang'oa mbao kabla haijarudi. Mtu mwenye busara angerudi kwa njia nyingine. Hawa walikuwa wameandikiwa na kaseti yao warudi papa hapa.

"Umekuja," Nanyama alisema bila kugeuka.

"Ulikuwa sawa."

"Najua. Lala chini."

Lori ya maziwa ilitokea kati ya mikaratusi, imejaa mitungi. Dereva aliliona shimo akiwa amechelewa. Breki zililia, magurudumu ya mbele yakachungulia, yakatumbukia. Lori ikakaa kwa tumbo kwenye mhimili. Mitungi miwili ikaanguka na kupasuka kwenye mawe. Maziwa yakatoka kwanza. Kisha mitutu ya AK-47 iliyofungwa kwa plastiki.

Land Rover ya Harmsen ilisimama nyuma yake. Mtu mmoja aliruka nje na bunduki.

Risasi ya kwanza ikapiga gogo.

Kibiwott akajibu mara mbili. Mtu yule akaketi chini akishika bega. Dereva wa lori akainua mikono juu kupitia dirishani, akaiacha huko.

Harmsen alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume. Mzungu mnene, uso mwekundu, usukani ukizungushwa kwa pupa. Akifika msituni, basi. Ng'ambo ya mpaka haiko mbali.

Kibiwott alitazama daraja. Mhimili, pengo, ubao, pengo, boneti ya lori.

"Usijaribu," Nanyama alisema.

Alikwisha ruka. Mguu wa kushoto kwenye mhimili. Wa kulia kwenye ubao. Ubao ukalia, ukakatika, lakini yeye hakuwa tena hapo. Aliangukia boneti ya lori kwa magoti, akapanda paa, akapita juu ya mitungi, akachumpia ukingo wa pili.

Alipiga risasi moja. Gurudumu la nyuma la Land Rover likapasuka, gari likajikunja kwenye mtaro.

Alifungua mlango, akamtoa Harmsen kwa ukosi wa shati.

"Asubuhi njema," alimwambia, na kumtia pingu.

Askari wa Wabwile walifika, wakatandika mbao, wakavuka. Walihesabu bunduki, wakapiga picha. Jerop aliuliza nani ataulipia ule ubao uliokatika, akaambiwa serikali, akacheka kwa dharau akaondoka na mtaimbo wake.

Harmsen alikuwa amekaa kwenye nyasi. Alikuwa anafikiri haraka, kama wanavyofikiri watu wa aina yake wakishikwa.

"Mimi nauza jibini," alimwambia Wabwile kwa Kiswahili cha miaka ishirini ya Endebess. "Ramani zote anachora Walubengo wa Bungoma. Mimi najua nini na kompyuta? Yeye ndiye mkubwa. Mwandike yeye."

Wabwile aliandika. Kisha akaenda kwenye redio.

Nanyama alikuja akasimama kando ya Kibiwott. Alikuwa na tope mikononi hadi viwikoni.

"Lile swali la jana," alisema. "Nilikuwa na haki ya kutolijibu. Lakini umekuja, kwa hivyo nitakujibu. Ndiyo. Nampenda. Ameniomba tumalize gemu pamoja, na mengine. Nitaandika barua ya kuacha kazi. Nilitaka usikie kutoka kwangu, si kwa faili ya mtu."

Wivu ulimrudia Kibiwott, mzito na mchungu. Angeweza kuua mtu wakati huo. Kumbe hakuhitaji hata risasi.

"Chumvi kwa Mwewe." Redio ya Wabwile ilikuwa imeinuliwa kuelekea kwake. "Nasikia mzungu amemtaja Walubengo, kama ulivyosema jana. Kalamu iko mkononi. Nisaini? Over."

Nanyama aligeuka polepole. Hakuwa amejua kuhusu kibali. Alimtazama Kibiwott, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimwogopa.

Hakuna mwingine aliyesikia kilichosemwa karakanani asubuhi ile. Kibiwott tu, na yule aliyekuwa anapangusa miwani. Neno moja, na lile tabasamu mbele ya kioo lingezimwa miaka kumi. Angeweza hata kumfariji Nanyama baadaye. Alijiona akifanya hivyo, na picha ilikuwa tamu.

Akachukua kipaza sauti.

"Usisaini. Harmsen alimwomba abadilishe gemu, akakataa hata kwa pesa. Nimesikia kwa masikio yangu. Pekueni duka lake la Kitale; lazima kuna mashine ya kuchomea chipu za kaseti, na fundi mgeni. Huyo ndiye mchoraji. Over."

"Jana uliapa ni yeye. Una hakika? Over."

Kibiwott alimtazama Nanyama.

"Nina hakika, afande. Ningekuwa na shaka hata kidogo, ningekuambia usaini, na leo ningelala vizuri. Over."

Redio ikakwaruza.

"Sawa. Kibali nakichana. Over na out."

Nanyama alifungua kinywa, lakini Kibiwott alikuwa amekwisha mrudishia Wabwile kipaza sauti. Alirudisha Ceska kiunoni, akafunga kifungo cha koti, akawasha sigara. Kisha akaanza kuteremka taratibu kuelekea Peugeot yake, upande wa Kimilili, mkono mmoja mfukoni.

Askari wawili waliokuwa wanapakia bunduki walimpisha.

"Huyo mtu ni barafu," mmoja alisema. "Hana hata jasho."

Walikuwa wanamtazama kwa nyuma; uso wake hawakuuona.